Kigari cha Kukatia Mbao: Pembe Mraba katika Karakana za Vyama

Maelezo kwa makatibu wa vyama vya msingi na wanachama wenye karakana



Sanduku la mzinga wa nyuki lina mbao nne na pembe nne. Mtu asiyeujua ufundi hudhani kwamba kazi kama hiyo haihitaji elimu yoyote, kwani mbao zikigongwa misumari sanduku husimama. Lakini nyuki hawakubaliani na dhana hiyo. Mwaka 1851 mchungaji mmoja wa Marekani, Lorenzo Langstroth, alitambua kwamba nyuki huiacha wazi nafasi yenye upana wa milimita 6 hadi 9 na kuitumia kama njia yao. Nafasi ikiwa nyembamba kuliko hapo huizibisha kwa gundi yao. Ikiwa pana zaidi hujenga sega ndani yake. Juu ya ugunduzi huo umejengwa mzinga wote wa fremu utumikao leo duniani, na ndiyo maana fremu zake huweza kuinuliwa, kukaguliwa na kurudishwa bila kuvunja sega hata moja.

Sasa na itazamwe hesabu ndogo. Ubao wa sanduku hilo una kimo cha milimita 244. Fundi akiukata kwa kukosea nyuzi moja tu, yaani akapata nyuzi 91 mahali pa nyuzi 90, upande mmoja wa ubao utazidi mwingine kwa milimita 4 na zaidi kidogo. Nusu ya njia ya nyuki imekwisha potea, na bado mbao tatu hazijakatwa. Fremu itaingia juu lakini itabana chini, au itaacha pengo ambalo nyuki watalijaza. Mfugaji atakapokuja kuvuna atalazimika kutumia nguvu, sega litapasuka, asali itamwagika, na nyuki watakasirika. Kisha husemwa kwamba mizinga ya kisasa haifai, na mizinga ya magogo hurudishwa juu ya miti.

Kosa, mara nyingi, si la mzinga wala si la nyuki. Ni la ukataji. Na kosa hilo huponywa kwa chombo ambacho karakana yoyote yenye msumeno wa meza inaweza kujitengenezea kwa siku mbili: kigari cha kukatia.

Jambo hili linavihusu vyama kuliko linavyomhusu fundi mmoja mmoja. Fundi afanyaye kazi peke yake aweza kukosea kwa namna ileile kila siku, na vitu vyake vikaingiana vyenyewe kwa vyenyewe. Lakini chama kikitengeneza masanduku na kingine fremu, kosa la kila mmoja hukutana na kosa la mwenzake. Wanaushirika wa mlimani wanalifahamu jambo hili kwa upande wa kahawa. Tangu KNCU ilipoundwa mwaka 1933, na hata baada ya kuvunjwa pamoja na vyama vikuu vingine mwaka 1976 na kuundwa upya mwaka 1984, kahawa ya kihamba kimoja imechanganyika na ya kihamba kingine na kuuzwa pamoja. Haikuwezekana kila mkulima awe na kipimo chake cha ubora. Vivyo hivyo fremu iliyotengenezwa Kibosho haina budi kuingia katika sanduku lililotengenezwa Rombo, bila ya mafundi wawili hao kupata kuonana.

Kuna sababu ya pili, nayo ni mbao zenyewe. Msitu wa asili wa Kilimanjaro umekuwa sehemu ya Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 2005, na haukatwi. Mbao za mafundi hutoka katika mashamba ya miti ya saipresi na paini yaliyopo magharibi na kaskazini mwa mlima, na kutoka vihambani, hasa mgrevilea, mti uliotoka Australia na kupandwa kwa wingi ili kuitia kahawa kivuli. Hata mti wa kihambani hukatwa kwa kibali. Ubao uliokatwa kombo hauwezi kurefushwa. Kila unaposahihishwa hupungua, na mwisho wake ni kuni.

Mafundi wengi hukata mbao kwa kuchora mstari kwa guniya, kisha huusukuma ubao kwa mikono miwili juu ya meza wakiufuata mstari kwa jicho. Fundi hodari hukata vizuri kwa njia hiyo asubuhi. Alasiri, akiwa amechoka, jicho lake si lile. Zaidi ya hayo, ubao unaosukumwa bila kitu cha kuuegemea hujipinda kidogo, na hapo meno ya nyuma ya msumeno, yale yanayopanda juu kutoka chini ya meza, huushika na kuurusha kumwelekea fundi kwa nguvu ambayo hakuna mkono uwezao kuizuia. Mara nyingine ubao ndio unaoruka; mara nyingine mkono huvutwa kuelekea kwenye meno. Vijana wanaojifunza ndio wanaoumia zaidi, kwa sababu wao hupewa kazi ya kukata vipande vifupi, na vipande vifupi ndivyo vibaya kuliko vyote.

Kigari ni ubao bapa unaoteleza juu ya meza ya msumeno. Jina lisimpotoshe mtu: hakina magurudumu. Chini yake kuna fito mbili zinazopita katika mifereji ya meza, na juu yake kuna viegemeo viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma, vinavyokatiza njia ya msumeno. Ubao unaokatwa huwekwa juu ya kigari na kuegemezwa kwenye kiegemeo cha nyuma, kilicho karibu na fundi. Kinachosukumwa ni kigari, na ubao hauteleziki juu ya kitu chochote. Kwa kuwa ubao hausogei peke yake, haupati nafasi ya kujipinda; na kwa kuwa kiegemeo kimekwisha wekwa mraba na njia ya msumeno, kila mkato hutoka mraba, akate bingwa au akate mwanafunzi wa wiki ya kwanza.

Kabla ya kutengeneza lolote, meza yenyewe ikaguliwe. Umeme uzimwe kwenye swichi kuu. Jino moja la msumeno litiwe alama ya chaki, lisogezwe mbele ya meza, na umbali wake hadi kwenye mfereji upimwe. Kisha bapa lizungushwe kwa mkono mpaka jino lilelile lifike nyuma, na lipimwe tena. Vipimo hivyo viwili vikitofautiana, msumeno haukulingana na mfereji, na hakuna kigari kitakachoponya ugonjwa huo. Bolti za nyumba za beringi zilegezwe na mhimili usogezwe hadi vipimo viwe sawa. Jino lile lile litumike mara zote mbili, kwa sababu bapa lililopinda kidogo humdanganya anayepima kwa meno mawili tofauti.

Hapa pana shida ambayo vitabu vya nchi nyingine havielezi. Meza nyingi za misumeno zilizo katika karakana zetu zimeundwa hapa hapa nchini kwa vyuma vya pembe na bamba la chuma juu, na hazina mifereji hata kidogo. Fundi akisoma kwamba fito za kigari hupita katika mifereji, hukata tamaa. Hana sababu. Kingo mbili za nje za meza zaweza kuifanya kazi ya mifereji. Kigari hutengenezwa kipana kuliko meza, na fito hufungwa chini yake pande mbili ili zikumbatie kingo hizo kutoka nje. Linalotakiwa ni kwamba kingo ziwe zimenyooka na zilingane na bapa la msumeno. Ukingo wenye vijivimbe vya kulehemu usuguliwe kwa tupa mpaka uwe laini.

Fito zitengenezwe kwa mti mgumu uliokauka sawasawa. Mninga unafaa kuliko miti mingi, kwa kuwa ukisha kauka hauvimbi wala hausinyai sana majira yanapobadilika. Mninga hauoti mlimani. Hutoka mikoa ya miombo kama Tabora, na bei yake si ndogo. Lakini fito mbili hutoka katika kipande ambacho fundi wa vitanda angekitupa, na katibu mwerevu aweza kukipata kwa kuomba tu. Saipresi na mgrevilea hazifai kwa fito. Kitako cha kigari kiwe cha plaiwudi ya milimita 12, yenye upana wa milimita 800 na kina cha milimita 520, au pana zaidi ikiwa fito zitakumbatia kingo za meza. Plaiwudi huchaguliwa kwa sababu ubao mmoja mpana, hata ukiwa mzuri kiasi gani, huinuka na kujipinda mvua za masika zinapoanza.

Fito zipigwe randa mpaka ziingie katika mfereji bila kucheza ubavuni, huku zikiteleza kwa msukumo wa kidole kimoja. Hapa pasiwe na haraka. Ufito unaocheza nusu milimita huiharibu kazi yote itakayofuata. Unaobana nao ni hatari, kwa kuwa kigari kikikwama katikati ya mkato fundi hukisukuma kwa nguvu, na kikiachia ghafula mikono yake hutangulia. Zikisha ingia vizuri, sarafu chache ziwekwe chini yake ndani ya mfereji ili fito ziinuke juu ya meza kwa unene wa karatasi chache. Gundi ipakwe juu ya fito, kitako kilazwe juu yake, na mawe au matofali yawekwe mpaka gundi ikauke. Ndipo skrubu fupi zifungwe kutoka juu, baada ya matundu kutobolewa kwanza kwa kekee, kwani skrubu iliyolazimishwa bila tundu huutanua ufito na kuufanya ubane. Sehemu inayobana hujionyesha yenyewe kwa kung'aa baada ya kigari kusukumwa mara kadhaa. Ikwanguliwe kidogo kidogo. Mwisho fito zipakwe nta ya nyuki. Chama kinachotengeneza mizinga hakina haja ya kununua mafuta ya kulainishia.

Viegemeo viwe na unene wa milimita 40 na kimo cha milimita 100 mahali msumeno unapopita, ili visikatwe vikaisha. Ndivyo vinavyokishikilia kitako kisigawanyike vipande viwili. Njia bora ni kugundisha mbao mbili za milimita 20 uso kwa uso, kila moja ikiwa na mkunjo unaopingana na mwenzake, kisha kupiga randa uso mmoja mpaka unyooke kabisa. Kiegemeo cha mbele kigundishwe na kufungwa skrubu moja kwa moja, kwa kuwa hakipimi kitu. Skrubu zote zikae mbali na njia ya msumeno. Kisha kigari kiwekwe mezani, msumeno uinuliwe milimita 25, nacho kikatwe kuanzia mbele. Mkato ukome milimita 150 kabla ya kufika ukingo wa nyuma, mashine izimwe, na bapa lisimame kabisa kabla kigari hakijavutwa.

Kiegemeo cha nyuma ndicho moyo wa kigari. Kikae milimita 80 ndani ya ukingo wa nyuma, na kisitiwe gundi hata tone. Mwisho wake wa kulia ufungwe kwa skrubu moja kutoka chini. Skrubu hiyo ndiyo itakayokuwa mhimili wake. Mwisho wa kushoto ulinganishwe kwa guniya na njia ya msumeno iliyokwisha katwa, kisha ufungwe nao kwa skrubu moja tu, maana utasogezwa tena. Mafundi wengi huishia hapa na kusema kazi imekwisha. Guniya ya karakana, iliyoanguka sakafuni mara kumi, si shahidi wa kuaminiwa. Na hata ikiwa nzima, jicho haliwezi kuona kosa la robo milimita kwenye urefu wa shubiri moja na nusu.

Iko njia ya kuupima mraba bila guniya. Mafundi waliopata mafunzo huijua kwa jina la mikato mitano, na uzuri wake ni kwamba kosa hujizidisha lenyewe mara nne, likawa kubwa kiasi cha kuonekana. Huhitaji kipande kimoja cha plaiwudi chenye pande za karibu milimita 320, na karatasi za ofisi.

Pande nne za kipande zipewe namba 1 hadi 4. Kipande kiwekwe kushoto kwa msumeno, na upande wa 1 ukatwe kwa kupunguzwa kidogo tu. Kisha kipande kigeuzwe kama mshale wa saa uendavyo, ili upande uliotoka kukatwa sasa uegemee kiegemeo cha nyuma, na upande wa 2 ukatwe. Kigeuzwe tena kwa namna hiyo hiyo, ukatwe wa 3, kisha wa 4. Sasa kipande kina pande za milimita 300 hivi. Kigeuzwe mara ya mwisho, upande wa 4 uegemee, na upande wa 1 ukatwe kwa mara ya pili. Safari hii kiachwe kipande chembamba kianguke, chenye upana wa milimita 20 hivi. Kabla hakijaondolewa, mwisho wake ulio karibu na fundi utiwe alama ya K, na ulio mbali alama ya M.

Kipande hicho chembamba ndicho hati ya mashtaka. Kama kiegemeo kimekaa mraba, upana wake ni ule ule K na M. Kama hakikukaa mraba, kila mkato umeongeza kosa lake juu ya mkato uliotangulia, na tofauti ya K na M ni kosa la mikato minne pamoja.

Asiye na kalipa asihangaike. Kipande hicho kikatwe katikati kwa msumeno wa mkono, nusu zake mbili zisimamishwe kwa ubavu juu ya bamba la meza, ncha ya K kando ya ncha ya M. Kidole kipitishwe juu yake. Kidole cha fundi huhisi ngazi ambayo macho hayaioni. Chini ya ncha iliyo fupi ziingizwe karatasi, moja baada ya nyingine, mpaka kidole kisihisi ngazi. Karatasi zihesabiwe. Karatasi ya kawaida ya ofisi ina unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, ingawa kwa kazi hii hata unene wenyewe si lazima ujulikane, mradi karatasi zote zitoke katika bunda moja.

Tuseme zimepatikana karatasi 16. Kosa la mkato mmoja ni robo yake, karatasi 4, kwa urefu wa milimita 300. Mahali pa kusogeza kiegemeo pawe milimita 600 kutoka kwenye skrubu ya mhimili, yaani mara mbili ya upande wa kipande. Kwa hiyo mwisho wa kushoto usogezwe mara mbili ya karatasi 4, ambazo ni karatasi 8. Anayetumia vipimo hivyo viwili, 300 na 600, hahitaji hesabu tena maishani mwake: nusu ya karatasi alizozihesabu ndizo za kusogeza.

Upande wa kusogeza hutegemea ncha iliyo pana. Ncha ya K, iliyo karibu na fundi, ikiwa pana zaidi, mwisho wa kushoto wa kiegemeo usukumwe mbele, mbali na fundi. Ncha ya M ikiwa pana zaidi, uvutwe nyuma kuelekea kwa fundi. Kusogeza kwenyewe kufanywe hivi: upande ambao kiegemeo kinatakiwa kwenda, kigogo kidogo kibanwe kwa jiriwa ya mkono, huku karatasi 8 zikiwa zimebanwa kati ya kigogo na kiegemeo. Karatasi zitolewe, skrubu ya kushoto ifunguliwe, kiegemeo kisukumwe mpaka kikiguse kigogo, na skrubu ifungwe katika tundu jipya. Tundu la zamani lisitumike. Skrubu hujua njia yake ya kale na itakirudisha kiegemeo palepale kilipotoka, kisha fundi ataanza kuamini kwamba karatasi zimemdanganya.

Jaribio lirudiwe kwa kipande kilekile au kingine cha ukubwa huo. Kwa kawaida mara ya pili tofauti hushuka hadi karatasi tatu au nne, na mara ya tatu hadi moja au mbili. Hapo inatosha. Karatasi mbili zina maana ya kosa la sehemu ya ishirini ya milimita kwenye urefu wa milimita 300, na hakuna nyuki atakayelalamika. Kuna mafundi wanaoendelea kutafuta sifuri siku nzima. Hiyo ni michezo, na chama hakiwalipi kwa ajili ya michezo. Skrubu nyingine tatu sasa ziongezwe kukifunga kiegemeo moja kwa moja.

Baada ya mraba huja urefu. Ubavu mmoja wa sanduku ukiwa mrefu kuliko mwenzake kwa milimita 3, pembe mraba nne hazitalisaidia. Juu ya kiegemeo cha nyuma hubanwa kigogo cha kikomo kwa umbali unaotakiwa, na kila ubao husukumwa ukakiguse kabla ya kukatwa. Mbao ishirini zikikatwa, zote ni ndugu wa tumbo moja. Kigogo hicho kisikae hadi chini kabisa. Kiachiwe nafasi ndogo juu ya kitako ili vumbi la mbao lipite. Vumbi likijikusanya mbele yake, kila ubao utakuwa mfupi kuliko uliotangulia, na fundi hatagundua mpaka sanduku la mwisho.

Wengine hutumia mwongozo wa kupasulia uliomo mezani kuwa kikomo. Jambo hilo lipigwe marufuku katika kila karakana ya chama. Kipande kilichokatwa hunaswa kati ya mwongozo na msumeno, hakina pa kwenda, na msumeno hukirusha. Kikomo kikae juu ya kigari, upande ule ule wa ubao unaoshikwa, na kipande cha upande wa pili kiachwe huru.

Kigari huondoa hatari moja na kuleta nyingine, na si haki kuinyamazia. Mwisho wa kila mkato, msumeno hutokeza nyuma ya kiegemeo cha nyuma, mahali hasa ambapo fundi huweka vidole gumba vyake anaposukuma. Kwa hiyo, kiegemeo kikisha rekebishwa, gogo nene la milimita 80 kila upande ligundishwe juu ya kitako nyuma yake, likifunika njia ya msumeno. Na kitu cha kukizuia kigari kifungwe chini ya meza, ili kisiweze kwenda mbele kiasi cha msumeno kulitoboa gogo hilo. Gogo lipakwe rangi nyekundu. Juu ya njia ya msumeno, kutoka kiegemeo hadi kiegemeo, kiwekwe kifuniko cha plastiki inayoonyesha, kwa kuwa kinga ya kawaida ya mashine haiwezi kukaa pamoja na kigari. Kisu cha nyuma ya bapa, kile kinachozuia mkato usijifunge, kibaki mahali pake kama hakizidi kimo cha msumeno. Msumeno usiinuliwe zaidi ya unavyohitajika kuutokeza ubao.

Kipande kifupi kuliko shubiri kisishikwe kwa vidole. Kibanwe kwenye kiegemeo, au kishikwe kwa kijiti. Kigari kikisha pita msumeno, mashine izimwe kabla vipande havijaokotwa. Kukirudisha kigari juu ya msumeno unaozunguka, huku mbao zilizokatwa zikilegea juu yake, ndiko kunakoleta ajali kwa watu waliodhani kazi imekwisha.

Kigari hakipasui mbao kwa urefu wake, wala hakinyooshi ubao uliopinda. Ubao mbichi ukikatwa mraba leo utakuwa kombo mwezi ujao. Mbao zipangwe kivulini, vijiti vikiwekwa kati ya tabaka na tabaka, zikauke kwanza.

Yaliyobaki ni ya makatibu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 humtaka mwenye mahali pa kazi awalinde wanaofanya kazi humo, na karakana ya chama haikuachwa nje. Kijana atakayekatika vidole kwenye msumeno usio na gogo nyuma ya kiegemeo ameumia katika mali ya chama, kwa uzembe wa chama. Kamati ikiomba mafunzo ya mafundi wake, Chuo cha Viwanda vya Misitu kipo Moshi mjini, na unoaji wa misumeno ni moja ya kazi zinazofundishwa huko. Msumeno butu hukisukuma kigari kando na kulifuta jaribio la mikato mitano.

Katika daftari la karakana ufunguliwe ukurasa mmoja wa kigari. Iandikwe tarehe ya kila jaribio, idadi ya karatasi zilizopatikana, ncha iliyokuwa pana, na jina la aliyepima. Jaribio lifanywe baada ya masika na baada ya vuli, na kila mara kigari kinapoanguka au kuazimwa na chama kingine. Vipande vyembamba vyenye alama za K na M vifungwe pamoja na kutundikwa ukutani karibu na mashine, kila kimoja na tarehe yake, ili fundi mgeni aone kabla ya kuwasha umeme. Vipimo vya sanduku viandikwe kando yake kwa rangi: ndani milimita 467 kwa 375, kimo 244, unene wa ubao 19. Kigari chenyewe kining'inizwe, kisiegemezwe ukutani, kwa maana plaiwudi iliyoegemezwa hupinda kufuata jinsi ilivyolala.